Kadi Moja Iliyosoma

JUMATANO, SAA KUMI NA NUSU JIONI

Chumba cha nyuma cha duka la Mizani kilikuwa na magunia ya mchele upande huu, madumu ya mafuta upande ule, na meza katikati. Watu wanne waliizunguka, magoti yakigusana. Mlango umekomewa. Redio ya dukani imeachwa iimbe ili maneno yasivuke ukuta.

"Nitasema mara moja," alisema Mizani. "Asiyeelewa asiulize. Atoke."

Hakuna aliyetoka.

Aliweka kadi mezani. Plastiki nyeupe, mstari wa kijani, jina la mtu, namba.

"Hii ndiyo inayotuua."

Walijua. Miaka yote wameishi kwa kuponi, zile karatasi za serikali za msaada wa chakula. Mwenye njaa akibanwa, mtoto ana homa au mwenye nyumba amekuja juu, anapita mlango wa nyuma na kumuuzia Mizani kuponi za mwezi mzima kwa bei ya kutupa. Mizani anazipeleka serikalini kana kwamba mtu kachukua unga. Unga haujatoka hata kibaba. Sasa serikali imesema basi. Kuanzia Jumamosi kila kaya na kadi yake, na kila kadi na namba yake ya siri.

"Karatasi haina mdomo," alisema Fundi Simu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. "Kadi inasema yote. Duka gani, saa ngapi, nani."

"Ndiyo maana tunaila siku moja tu," Mizani alisema. "Kabla haijaanza kusema."

"Siku za mwizi arobaini." Huyo alikuwa Kobe, dereva. Jina alipewa kwa sababu ya ulimi wake mzito, si mguu wake. "Sisi tunaomba moja."

Mizani hakucheka. Alimgeukia mwanamke pekee pale mezani.

"Shemeji. Sema wewe. Mlango ni wako."

Watu walimwita Karani, hata wale waliolijua jina lake. Miaka kumi na sita amegonga mhuri kwenye kuponi katika Ofisi ya Chakula, mpaka gumba lake la kulia likashika wino wa zambarau usiotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Dada yake, marehemu sasa, aliolewa na Mizani. Undugu ulianzia hapo, uchafu nao ukafuata. Mwaka wake wa tatu kazini, Mizani alimwomba kuponi za mzee mmoja aliyekuwa amefariki, jina lake halijafutwa. "Marehemu hali, shemeji." Akampa. Baada ya huyo akafa mwingine, na mwingine. Kisha, mwezi uliopita, ofisi ikamwandikia barua ya mistari miwili. Kuponi zinakwisha. Kazi ya mhuri inakwisha nazo. Mizani alipomletea dili hili hakumtisha hata kidogo. Alimuuliza tu, kwa tabasamu, ni marehemu wangapi amewalisha.

"Ijumaa saa moja asubuhi," Karani alisema, "gari la makao makuu linaleta boksi. Bahasha mia nne na kumi na mbili. Kila bahasha ina kadi na namba yake ya siri."

"Humohumo?" Kobe aliuliza. "Kufuli na ufunguo mfuko mmoja?"

"Wana haraka. Wakubwa wanataka picha. Boksi linawekwa chumba changu cha mihuri, ufunguo ninao mimi. Kugawa kunaanza saa tatu. Mtandao unafunguliwa saa sita mchana. Watu wanaanza kununua Jumamosi."

"Kutoka saa sita Ijumaa hadi Jumamosi asubuhi," Mizani alisema, "kadi zinapumua na hakuna anayeziangalia."

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Fundi alikuwa ametengeneza boksi jingine linalofanana, utepe uleule wa bluu, ndani bahasha mia nne na kumi na mbili za bandia. Majina sahihi, namba sahihi za foleni, plastiki iliyokufa. Boksi la bandia linaingia ofisini kesho. La kweli linatoka Ijumaa kwenye pikapu ya Kobe, aliyepewa kazi ya kubeba kuponi za zamani kwenda kuchomwa. Kadi za kweli zitapitishwa kwenye mashine mbili za duka lililo upande wa pili wa mji. Duka lina jina, lina leseni, lina mhuri wa Karani. Halina hata kiberiti.

Kobe alikuna shingo.

"Na wenyewe? Jumamosi watakula nini?"

"Serikali itawapa nyingine," Mizani alisema. "Serikali iliishiwa lini karatasi?"

Wote wakacheka. Karani naye alicheka. Alijisikia akicheka, sauti nyembamba kama ya mtu mwingine, na alipofika nyumbani hakuweza kula.

Majina ya kuandika kwenye kadi za bandia Fundi aliyatoa wapi? Kwa Karani. Jioni tisa alikaa akinakili orodha kwa mkono. Namba mia mbili na kumi na saba ilikuwa ya mama mkwe wake. Aliliandika jina lile kama alivyoandika mengine, na kalamu haikusita.

IJUMAA, SAA MOJA NA DAKIKA ISHIRINI ASUBUHI

Gari lilichelewa dakika ishirini. Alishuka askari mmoja mwenye bunduki na Afisa mmoja mwenye viatu vipya na simu mkononi. Afisa alikuwa mchangamfu, mtu wa kusalimia mpaka mfagizi.

"Shikamoo mama! Wewe ndiye yule wa miaka kumi na sita? Wamenisimulia. Leo tunakupumzisha."

"Marahaba," alisema Karani. Kumpumzisha!

Boksi likaingia chumba cha mihuri. Karani akasaini. Afisa akasaini. Askari akavuta kiti, akakaa mlangoni, nje.

Hilo la kiti halikuwa kwenye mpango.

SAA MBILI NA DAKIKA KUMI

Chumba hakikuwa na dirisha. Rafu za chuma, maboksi kumi na moja ya kuponi za zamani, harufu ya wino na vumbi. La bandia lilikuwa chini kabisa, rafu ya nyuma, tangu jana. Karani alilitoa. Akaliweka pale lilipokuwa la kweli. La kweli akalibeba hadi sakafuni nyuma ya rafu, tayari kulifukia ndani ya boksi kubwa la kuponi.

Dakika mbili zimepita kati ya nne alizomwomba Afisa za kupanga kuponi. Zilizobaki zilikuwa mbili.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakulipanga na mtu, wala na nafsi yake. Alichomoa wembe aliokuwa akichongea penseli, akakata utepe wa bluu.

Mume wake alipofariki, ndugu za mume walikuja na gari kuchukua vitanda. Walitaka na nyumba. Mama mkwe alileta mkeka, akautandika kizingitini, akakaa. Siku tatu alikaa pale. Walipomwambia ampishe, mjane atoke, alisema, "Mjane yupi? Huyu ni mwanangu. Atakayemtoa ataniruka mimi kwanza." Hawakumruka. Tangu siku ile yeye na Karani hawakuwahi kulizungumzia tena jambo lile, na Karani hakuwahi kumlipa.

Bahasha zilipangwa kwa namba. Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi na tano. Vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho.

"Mama!" Afisa, nje. "Uko sawa humo?"

"Vumbi," alisema. "Nakuja."

Mia mbili na kumi na saba. Akaichomeka kifuani, ndani ya blauzi. Boksi akalifukia chini ya kuponi. Mlango ukafunguka kabla hajasimama vizuri.

"Hizi ndizo za kuchomwa?" Afisa aliuliza. Alichukua kiganja cha kuponi, akazitazama. Akachukua kingine, kutoka chini zaidi. Karani aliona mkono ukizama mpaka saa yake ikapotea. "Kumbe zilikuwa nzuri hivi. Zina rangi." Alijitilia moja mfukoni, ya kumbukumbu.

Saa mbili na nusu Kobe alipakia maboksi kumi na moja. Askari alimsaidia kubeba. Boksi lenye kadi walilishika wao wawili, mmoja huku mmoja kule.

"Zito hili," askari alisema.

"Njaa ya miaka kumi na sita," Kobe alisema, polepole, "ungetegemea iwe nyepesi?"

Pikapu ikaondoka.

SAA TATU ASUBUHI

Foleni ilitoka getini ikakunja kona. Watu walikuwa wamevaa nguo za kutokea. Hilo Karani hakulitarajia. Siku za kuponi walikuja na kandambili na nguo za shamba. Leo shati zimepigwa pasi, watoto wamepakwa mafuta. Mtu akifika mezani anarudisha vipande vya kuponi alivyobakiza, Karani anavitia kwenye ndoo, anafungua bahasha, anatoa kadi.

Kisha anatoa somo. Ndivyo alivyofundishwa kwenye semina.

"Hii ndiyo namba yako ya siri. Usimwambie mtu. Hata mtoto wako. Hata mimi usiniambie."

"Hata wewe?" aliuliza fundi mwashi mmoja, mikono imepasuka kwa saruji. "Wewe si wetu?"

"Hata mimi."

Mwashi akaitazama namba, midomo ikicheza, akaikariri. Akakikunja kikaratasi, akakitafuna na kukimeza. Watu wakacheka, wakampigia makofi.

"Sasa waje wanipasue tumbo!"

Karani alitabasamu. Mdomo ulimuuma kwa kutabasamu. Mwanamke mmoja aliibusu kadi. Mzee mmoja aliomba aandikiwe namba kwa maandishi makubwa kwa ajili ya macho yake, na Karani akamwandikia, tarakimu nne kubwa, nadhifu, za uongo. "Mungu akuongezee," mzee alimwambia. Wa pili alisema vilevile. Wa thelathini. Wa mia. Alitamani hata mmoja amtukane.

Mama mkwe alifika saa nne na robo. Gauni la harusi ya mwanawe, lile la bluu, na kitambaa kipya kichwani. Aliweka kuponi zake mezani, zimenyooshwa moja moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huli?"

"Nakula."

Karani alishika bahasha ya bandia, akaidondosha mapajani, akainama kuiokota, akainuka na nyingine, ya uvuguvugu kutokana na mwili wake. Ya bandia aliipitisha ndani ya mkono wa blauzi. Hakuna aliyeona.

"Namba yako ya siri. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Sina mtu ila wewe," mama mkwe alisema, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta na wenzake.

SAA SITA MCHANA

Afisa alipanda juu ya benchi. Watu walikuwa bado wamejaa uani, aliwaahidi soda.

"Mtandao umefunguka!" Alinyanyua mashine ndogo ya kadi. "Tujaribu moja mbele ya macho yenu. Msije mkasema mmeuziwa mbuzi kwenye gunia!"

Mashine hii nayo haikuwa kwenye mpango.

Mwashi alikuwa karibu. Kadi yake ilikuwa tayari nje, mkono umenyooshwa, Afisa ameinama kuipokea. Karani aliuona mwisho wake umeinama pale kwenye benchi. Askari hatua nne. Geti hatua ishirini.

"Afisa!" Sauti ilimtoka kabla ya akili. "Tuanze na wakubwa. Kuna mama pale."

"Umenena, mama."

Mama mkwe aliletwa mbele kwa kushikwa mkono. Hakupenda, alikuwa mtu wa nyuma siku zote. Kadi ikaingia. Aliziba vitufe kwa kiganja, kama alivyofundishwa, akabonyeza taratibu. Mashine ikalia. Karatasi nyembamba ikatoka.

"Imesoma!" Afisa alipiga kelele.

Vigelegele. Afisa akampiga picha mama mkwe ameshika kadi kifuani, uso wenye haya. Mwashi akairudisha yake mfukoni.

"Ya mama imesoma," alisema, "basi zote zimesoma."

Karani aliegemea ukuta. Wengine walidhani analia kwa furaha, wakampa maji.

SAA NANE NA NUSU MCHANA

Chumba cha nyuma cha Mizani kilikuwa na joto la mwili. Fundi alikuwa na zile mashine mbili za duka la upande wa pili mbele yake, anapitisha kadi, anabonyeza, anapitisha. Kila kadi inanunua unga usiokuwepo. Kobe alikuwa anamfungulia bahasha. Hakumwangalia Karani alipoingia.

"Mia nne na kumi na moja," Fundi alisema bila kuinua kichwa.

Mizani aliacha kutafuna njiti ya meno.

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili. Haipo mia mbili na kumi na saba. Na utepe wa boksi umekatwa kwa wembe."

Mizani alichukua orodha. Aliishusha kwa kidole. Kidole kikasimama. Alijua jina lile. Alikula wali kwenye msiba wa mwanawe.

"Shemeji."

"Imetuokoa," Karani alisema haraka. Aliwaeleza mashine ya Afisa, benchi, mwashi. "Isingekuwa ile, saa hizi mngekuwa na pingu."

"Leo imetuokoa," Fundi alisema. "Kesho kadi mia nne na kumi na moja zitakuwa maiti na moja itatembea. Mtu akiona hivyo ataanza kuuliza wapi?"

"Kwake," Mizani alisema. "Kisha kwako. Kisha hapa." Hakupandisha sauti. "Nenda kaichukue. Kabla ya magharibi."

"Shemeji, ni mama mkwe wangu."

"Na hawa wengine ni wakwe wa nani?"

Swali la jambazi lilikuwa ndilo swali lenyewe, na lilimpiga usoni kuliko kofi. Mia nne na kumi na moja hakuwakatia utepe.

SAA KUMI JIONI

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni na majirani wawili, kadi iko mapajani kwenye kitambaa safi. Walikuwa wanapanga watanunua nini kesho. Mafuta kwanza, alisema mmoja. Hapana, maharage, mafuta yanakwisha upesi.

"Mama," Karani alisema. "Nipe kadi yako. Ina kasoro kidogo. Nikubadilishie."

Alikuwa ametunga uongo mrefu njiani, wenye maelezo ya mtandao na makao makuu. Haukuhitajika.

"Chukua, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Aliipata hivyo tu. Hata swali hakuulizwa. Alitembea nayo mpaka kwenye kona, penye bomba la maji, akasimama. Mtu akikunyima unaweza kumkasirikia, na hasira ikakubeba. Huyu alimpa. Karani alishikilia bomba kama mlevi. Wanawake waliokuwa wanachota wakamsogezea ndoo akae.

Akarudi.

"Nimeitazama vizuri. Ni nzima."

"Nilijua," mama mkwe alisema. "Si ilisoma?"

SAA KUMI NA MBILI KASORO ROBO

Kwenye meza ya Mizani aliweka vipande viwili vya plastiki. Ilikuwa ile ya bandia, iliyokuwa ndani ya mkono wa blauzi, ameikata kwa mkasi.

Fundi alichukua kipande kimoja, akakielekeza kwenye taa. Alikipindua. Alipitisha ukucha kwenye mstari wa kijani. Mtu hasahau kazi ya mkono wake. Aliinua macho, akamtazama Karani kwa muda kidogo, kisha akamtazama Mizani.

"Ndiyo yenyewe," alisema. Akavitia mfukoni.

Karani alidhani amepata mtu mwenye huruma.

"Kesho saa moja asubuhi, hapa," Mizani alimwambia. "Uchukue chako."

Kobe alimsindikiza hadi nje. Alikuwa na neno. Lilijitengeneza mdomoni mwake polepole, kwa ule ulimi mzito, na Karani hakuwa na subira.

"Shemeji, kesho..." Kobe alisema. "Ningekuwa wewe... ningeondoka leo."

"Niende wapi?"

Kobe akaingia garini.

JUMAMOSI, SAA MOJA ASUBUHI

Kufuli mbili. Redio haiimbi. Alizunguka mlango wa nyuma: kufuli ya tatu, mpya. Kupitia ufa aliona sakafu tupu pale yalipokuwa magunia. Hapo akaelewa kwa nini Fundi alinyamaza. Walikuwa tayari wamepanga kula kona na kumwacha nyuma, yeye na saini yake kwenye boksi na mhuri wake kwenye leseni. Kadi moja hai au mbili, iliwahusu nini?

Angeweza kukimbia. Stendi haikuwa mbali. Alisimama, akaona aibu hata ya hilo, akaenda kazini.

SAA MBILI NA NUSU ASUBUHI

Uani hapakuwa na foleni. Palikuwa na umati. Nguo za jana zimevaliwa tena, maana walitoka kwenda dukani kwa heshima. Kila mkono una kadi. Kadi haitambuliki. Kadi haitambuliki. Mwanamke aliyeibusu alikuwa anaipangusa kwenye gauni, anapangusa tu, kama vile ni uchafu. Na kuponi zimekwisha kuwa majivu.

Afisa alikuwa kwenye simu, mgongo umelowa jasho. "Ni mtandao," aliwaambia. "Tulieni, ni mtandao."

"Si mtandao!" Mwashi alipasua njia, amemshika mtu mkono wa gauni. Gauni la bluu. "Mtandao gani unaomjua huyu mmoja? Tulikuwa naye dukani. Yake imesoma. Yake tu! Ametoka na unga, ametoka na mafuta, sisi tunatazamana. Na jana aliitwa nani mbele? Huyuhuyu!"

Kelele. Kitambaa cha kichwa cha mama mkwe kilikuwa kimeanguka na mvi zake ziko nje. Mfuko wa unga ameukumbatia. Mtu alitema mate karibu na miguu yake. "Mzee mzima. Mwizi."

Mama mkwe alifika mezani kwa Karani, akaweka unga, akaweka mafuta, akaweka kadi juu yake.

"Mwanangu," alisema. "Nimewaambia twende kwako, wewe utatueleza. Kwa nini yangu tu?"

Afisa alimwinamia Karani, usoni mwake kuna ombi. "Ni mtandao, sivyo mama? Waambie. Wewe wanakuamini."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Neno moja tu. Wangemwamini, wangerudi nyumbani na njaa na matumaini. Na mama mkwe angerudi nao, peke yake, katikati yao.

"Mwachie mkono," Karani alimwambia mwashi.

"Mpaka aseme!"

"Mwachie. Hajui kitu. Mwizi ni mimi."

Alisema yote akiwa amesimama. Boksi, wembe, pikapu, duka lisilo na kiberiti, Mizani, Fundi, Kobe. Alitaja hata wale marehemu wa kuponi. Watu walikuwa wanasikiliza kwa utulivu wa ajabu, kama siku ya somo la namba ya siri. Mwashi peke yake ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo ile niliyomeza..."

"Haikuwa namba ya kitu chochote," alisema Karani. "Nisamehe."

Mwashi akamwachia mama mkwe mkono, akakaa chini. Askari alipokuja na pingu, Karani alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, na gumba la zambarau lilikuwa juu.

MIEZI MIWILI BAADAYE, SAA NNE ASUBUHI

Kobe polisi walimkuta Jumamosi ileile, amelala ndani ya pikapu kando ya barabara kuu, kana kwamba anawasubiri. Fundi alikamatwa stendi na laini za simu hamsini ndani ya soksi. Mizani hakupatikana, na kilichopatikana hakikufika nusu. Kwa wiki sita watu walirudishiwa kuponi, zilizochapwa upya, zikapigwa mhuri na karani mgeni. Kisha kadi mpya zikaja, na namba za siri katika bahasha nyingine, siku nyingine.

Mama mkwe alikuja mahabusu mara moja tu. Walitenganishwa na wavu. Alikuwa na gauni la kila siku.

"Wamekupa kadi mpya, mama?"

"Nimeipata."

"Inasoma?"

"Inasoma. Naenda dukani mchana, wakati hakuna mtu. Nikiingia foleni wananiachia nafasi mbele na nafasi nyuma." Alisema hivyo bila kulalamika, kama anayeeleza njia. "Ule unga wa Jumamosi nilizunguka nao mtaa mzima, nigawe kikombe kikombe. Nyumba moja ndiyo iliyopokea. Walikuwa na mtoto mdogo."

Karani alishika wavu. Maneno aliyokuwa ameyakariri usiku kucha yalikuwa mengi. Yalipofika mdomoni yakabaki machache.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea."

Mama mkwe alimtazama. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Mimi usiniombe," alisema. "Mimi ulinipa."

Akainuka, akamshukuru askari, akatoka.